Vua Pete

Mpaka leo nikisikia mtu akiuita umeme wa betri "moto mdogo", damu inanichemka. Nimelisikia neno hilo kwa mafundi, kwa walinzi, kwa wenye maduka ya Nyamongo wanaouza vifaa vya sola, na zaidi ya wote kwa msimamizi wetu, ambaye ameifanya kazi hii miaka mingi kuliko mimi na alipaswa kujua. Moto mdogo haurushi mtu, anasema. Ni kweli haurushi. Umeme wa nguzo ukikupata unakutupa kule, na usiposimulia wewe watasimulia wenzako. Volti arobaini na nane za betri hazikutupi popote. Unaweza kuzigusa kwa kidole kikavu usisikie kitu, ndiyo maana watu wanazidharau. Lakini zipitishie chuma, iwe spana, saa au pete, ndipo utakapojua kilichokuwa kimejificha mle ndani.

Mimi ni fundi wa mtandao. Nimezaliwa Nkende, mjini Tarime, na ofisi yetu iko hukohuko, vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Tunapeleka intaneti kwenye zahanati, shule na maduka, kuanzia Tarime mpaka vijiji vya Serengeti upande wa Ringwani. Mtandao wote huo unapita kwenye chumba kimoja kidogo kilichojengwa juu ya kilima, nje kidogo ya Nyamongo, chini ya mnara. Ndani ya chumba kuna kabati la chuma refu kunizidi, na ndani ya kabati imekaa rauta. Usifikirie ile ya nyumbani yenye antena mbili inayowekwa juu ya televisheni. Hii ni ya kubebwa na watu wawili, na kebo zake za umeme, nene kama kidole gumba, zinatoka kwenye betri kubwa zilizopangwa sakafuni.

Panya ndio walioanza. Walitafuna maganda ya kebo za umeme mpaka shaba ikaonekana. Niliyaona hayo nilipokwenda kufuta vumbi, nikapiga picha, nikaandika kwamba kebo zote zibadilishwe na rauta izimwe kwa saa moja ili tufanye kazi kwa usalama. Msimamizi alisoma karatasi yangu akiwa amesimama, akanirudishia.

"Hatuzimi," alisema. "Tukizima, zahanati watapiga simu, shule watapiga simu, Nyamongo nzima itapiga simu. Rauta ina miguu miwili. Badilisha mguu mmoja, isimamie mwingine."

Hapo hakusema uongo. Rauta zile zimetengenezwa kula umeme kwa pande mbili, upande mmoja ukilala mwingine unaibeba. Kubadilisha kebo ikiwa inafanya kazi inaruhusiwa, ila kwa masharti, na masharti hayo hayakuandikwa ili kujaza karatasi. Unazima breka, yaani swichi ya kukata umeme, ya upande unaotaka kuugusa. Unapima kwa mita, huamini macho. Waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaokwenda ardhini, huufungui hata iweje. Unatumia spana yenye ganda la mpira. Na kabla ya yote hayo unavua kila chuma ulichokivaa mwilini, kwa sababu breka ikizimwa inaua upande wa chini tu. Juu yake, karibu kiasi cha upana wa vidole vitatu, kuna kipande cha shaba kinachotoka moja kwa moja kwenye betri, na hicho hakilali kamwe.

Kuhusu zile spana zenye mpira, tuliziomba. Tuliziomba kwa barua, tukaziomba kwa simu, tukaziomba kwa mdomo. Tukaambiwa tuzungushe utepe mweusi wa umeme kwenye spana za kawaida. Tukazungusha. Utepe huo ulikuwa unachakaa kila baada ya kazi chache, nasi tunazungusha mwingine, na kila nilipokuwa nikiuzungusha nilikuwa nawatukana moyoni watu ambao hawajawahi kupanda kilima kile.

Mwenzangu katika kazi hiyo alikuwa mtu wa Singida. Alikuja Nyamongo kutafuta dhahabu kama wengi waliotoka mikoani, akaingia mashimoni miaka miwili, kisha mashimo yakamchosha akatafuta kazi ya juu ya ardhi. Mimi ndiye niliyemfundisha kubana vichwa vya kebo, na haukupita mwaka akawa ananishinda. Alikuwa wa mashoto. Mkono wake wa kushoto uliweza kufunga nati mahali ambapo jicho halifiki, kwa kupapasa tu, na nati hiyo ikakaa. Niliwahi kuwaambia watu ofisini kwamba mkono ule ni mali ya kampuni, uwekewe kufuli.

Mkono huohuo ndio uliokuwa na pete ya ndoa. Dhahabu yake aliichimba mwenyewe, mojawapo ya vipande vya kwanza alivyopata, akaificha mpaka alipopata mchumba. Alioa binti wa Ringwani, na huku kwetu ndoa ni ng'ombe. Ng'ombe walipelekwa kwa baba mkwe, wazee wakaridhika, mambo yakaonekana yamekwisha. Yeye akaenda kwa sonara akatengeneza pete mbili zinazofanana. Nasikia siku hiyo shangazi mmoja wa bibi harusi aliuliza kama pete nayo inakamuliwa maziwa. Tangu siku hiyo hakuwahi kuivua, hata akiwa anakoroga zege.

Tulipanda kilimani saa nne asubuhi, msimamizi akiendesha gari. Mlinzi wa pale ni mzee wa Kikurya mwenye maneno mengi, akatufungulia geti.

"Shikamoo, tata," nikamwamkia, nikimwita baba kwa Kikurya.

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuwahamisha panya wangu?"

Tulicheka, tukaingia. Nilivua saa na hereni zangu, nikavitia mfukoni, nikafunga zipu. Nikazima breka ya upande wa kwanza, nikapima, nikabandika karatasi nyekundu ili mtu asiiwashe. Mwenzangu akachukua spana. Nikamwangalia mkono, nikamwambia, kama ambavyo ningemwambia mtu yeyote, "Vua pete."

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni. Akapiga makofi.

"Eeh! Mmesikia? Dada yetu anamvua pete mume wa mtu mchana kweupe!"

Mzee mlinzi alikuwa nyuma yake. Naye akadakia, "Mwache, mwanangu. Umechelewa. Ng'ombe wa huyu wameshaanza kula majani Ringwani."

"Mura," msimamizi akamwambia mwenzangu, kama Wakurya wanavyomwita kijana wa kiume, "ukiivua, mimi sikuwepo. Mkeo akija kuniuliza, nitasema nilikuwa kwenye gari."

Chumba kizima kilicheka. Mwenzangu akainamisha uso, akaizungusha pete kwa kidole gumba mara mbili tatu, akasema kwa sauti ndogo, "Hata hivyo haitoki, imebana." Kisha akageukia kabati.

Nataka nieleweke hapa, maana nimeshaambiwa kwamba ulikuwa utani tu na kwamba sisi watu wa Mara tunapenda utani. Nina miaka thelathini na minne na sina mume. Mwanamke wa umri huo anayepanda mnara akiwa na mkanda kiunoni ameshasemwa kila linalosemeka mjini Tarime, na nimezoea. Lakini fundi mwanamume akimwambia fundi mwenzake avue pete, hayo ni maelekezo ya kazi. Nikisema mimi, maneno yaleyale, kwenye kabati lilelile, nikiwa nimeshika mita mkononi, yanageuka kuwa habari ya kitandani. Yakishageuka hivyo, mwanamume mwenye heshima zake hawezi tena kuivua mbele za watu. Akiivua ataonekana amenikubalia. Ile pete waliigonga msumari kwenye kidole chake kwa vicheko vyao, na ninalisema hili bila kumung'unya maneno.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Kebo za zamani zikatoka, mpya zikaingia, nikapima, nikawasha breka, taa zote zikawa kijani. Tukahamia upande wa pili. Nikazima, nikapima, nikabandika karatasi. Mkono wake wa kushoto ukaingia ndani, ukafunga nati ya kwanza, ukafuata ya pili. Nilikuwa nimemshikia tochi. Zilibaki labda zamu mbili za spana, kazi iishe.

Spana iliteleza kwenda juu. Kichwa cha spana kikagusa ile shaba isiyolala. Pete nayo ilikuwa imelalia spana kwa upande mmoja, pale utepe wetu mweusi ulipokuwa umechanika, na kwa upande mwingine imegusa ubavu wa kabati, ambao umefungwa kwenye ethi pamoja na upande wa pili wa betri. Betri zote zile zikapata njia ya kupita, na njia yenyewe ilikuwa kidole cha mwenzangu. Kukasikika pa, mara moja, na mwanga mweupe. Hakurushwa, msimamizi alikuwa sahihi hadi mwisho. Alibaki amesimama palepale, mkono umo ndani ya kabati, na pete kidoleni imekuwa nyekundu.

Niliangusha swichi kubwa ya betri. Kila kitu kikazimika, feni zikasimama, taa zote zikafa. Rauta iliyokuwa haiwezi kuzimwa kwa saa moja ikazimwa kwa kofi moja la mkono wangu, na ilikaa imezimika hadi jioni. Simu ya msimamizi, ile ambayo Nyamongo nzima ingeipiga, ililia mara mbili tu mchana kutwa. Moja ilikuwa ya mke wake.

Mzee mlinzi alileta dumu lake la maji ya kunywa, tukammwagia mkono maji hadi dumu likaisha. Mzee alikuwa analia waziwazi. Pete haikutoka. Hospitali ndiko walikoikata, na baada ya siku nne wakakata na kidole.

Jumatano yake msimamizi aliniita mezani kwake Nkende. Alikuwa na fomu ya ajali kutoka makao makuu. Sehemu za juu alishazijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri, yamebaki maswali ya fundi kiongozi, ambaye ni mimi. Swali moja lilisema: Je, mhusika alielekezwa kuvua vitu vya chuma? Ndiyo. Hapana.

"Weka vema kwenye Ndiyo, tumalize," alisema. "Si ulimwambia? Sote tulisikia."

Nilijua maana yake. Makao makuu wana kanuni, na kanuni yenyewe imebandikwa ukutani nyuma ya kiti chake: mfanyakazi akielekezwa kuhusu usalama akakaidi, kazi hana. Vema hiyo ingemfanya mtu wa Singida amwage unga akiwa hospitali, mkono umefungwa bandeji. Nilijua. Na bado niliiweka. Niliiweka kwa hasira, nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile mtu alikuwa amekiri kwamba nilisema. Niliwaambia. Mimi, niliyefanywa kichekesho, ndiye niliyekuwa sahihi. Nikasaini, yeye akaitia fomu kwenye bahasha ya kwenda Mwanza siku ya Ijumaa.

Alhamisi akaja mke wa mwenzangu. Sikuwahi kumwona kabla. Mwembamba, amejifunga kanga juu ya gauni, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Nyamongo. Hakukaa.

"Wewe ndiye uliyemwambia mume wangu avue pete?"

Alisema kwa namna ambayo nilijua utani ule ulishamfikia kabla ya habari ya ajali kumfikia vizuri. Msimamizi akainuka, akakumbuka kwamba ana kitu dukani, akatoka.

Nilimpeleka chumba cha nyuma. Nikachukua spana, nikamwonyesha utepe uliochanika. Nikachukua pete ya kufungia nyaya nikaivaa kidoleni, nikaegemeza mkono kwenye kabati bovu tunaloweka vifaa, nikamwonyesha jinsi ilivyogusa huku na huku. Hakuwa na haja ya maelezo marefu. Alinyoosha kidole chake mwenyewe, chenye pete pacha ya ile, akakitazama.

"Kumbe ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Kwa nini mara moja?"

"Walicheka," nikasema. Nikaanza kumweleza juu ya msimamizi, juu ya mzee mlinzi na ng'ombe wa Ringwani. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyahifadhi wiki nzima. Aliyakata katikati.

"Na wewe ulicheka?"

Nimeandika hapo juu kwamba chumba kizima kilicheka. Mimi nilikuwa ndani ya chumba. Nilicheka, nikaziba mdomo kwa kiganja, nikatikisa kichwa kama mtu aliyepatikana. Nilicheka ili yaishe. Nilicheka ili wasiseme mwanamke huyu ni mkali, hana hata utani, ndiyo maana hajaolewa. Kicheko changu ndicho kilichomaliza mjadala, maana baada ya mwenye maelekezo kucheka, maelekezo yalikuwa yamekufa. Wiki nzima nilikuwa nimewahesabu waliocheka, na kila nilipohesabu nilijiruka.

"Nilicheka," nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alifungua fundo la kanga, akatoa ile pete waliyoikata hospitali, imepinda na kuwa nyeusi upande mmoja, akaishika kwenye kiganja.

"Ng'ombe walikuwa wa baba," alisema. "Hizi zilikuwa zetu." Kisha akasema, kama mtu anayenipa habari ya kawaida ya nyumbani kwake, "Mume wangu huwa anaitwa mara mbili. Hata chakula kikiwa mezani namwita mara mbili. Neno la pili analisikia. Ungesema tena angeivua, wacheke wasicheke."

Akaifunga pete kwenye kanga, akaaga, akatoka kutafuta usafiri.

Msimamizi aliporudi nilimwambia anipe bahasha. Akauliza ya nini. Nikaitoa mwenyewe kwenye droo, nikaifungua mbele yake, na chini ya vema yangu, mahali palipoandikwa Maelezo Mengine, nikaandika: Alielekezwa mara moja. Maelekezo yakageuzwa utani na msimamizi. Wote tuliokuwepo tukacheka, na mimi fundi kiongozi nilicheka. Hakuelekezwa tena. Spana yenye mpira iliombwa, haikuletwa.

Alisoma akiwa begani kwangu. "Kucheka si tukio," alisema. "Hii ni ripoti ya ajali, si barua kwa shangazi yako. Nani ameshawahi kuandika kicheko kwenye fomu?"

"Leo kimeandikwa."

"Unajiangushia jumba bovu mwenyewe, na mimi unanivuta."

"Ulikuwa ndani ya jumba hilohilo," nikamwambia. Bahasha nikaipeleka stendi kwa mkono wangu.

Jibu lilichukua mwezi. Mtu wa Singida alibakizwa kazini. Mimi nilivuliwa ufundi kiongozi kwa kutosimamia maelekezo niliyoyatoa, na sikukata rufaa. Msimamizi hakuguswa. Alipewa bango la usalama alibandike ofisini, akalibandika juu ya ile kanuni, na bado umeme wa betri anauita moto mdogo. Spana zenye mpira zilikuja, tano, nyekundu, baada ya mtu kutoa kidole. Hilo sijalisamehe na sina mpango.

Siku ya kwanza mwenzangu aliporudi kilimani, alikuwa bado anaufundisha mkono wa kulia kushika spana. Mzee mlinzi alitufungulia geti bila utani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Pembeni ya kabati nilikuwa nimetundika kopo la majani ya chai la kuwekea chuma. Nilitia saa yangu na hereni zangu. Mwenzangu alikuwa na saa ya chuma mkononi.

"Vua saa," nikamwambia.

Hakusogea. Aliniangalia usoni, akasubiri.

"Vua saa," nikasema tena.

Akavua.